Kutu Haifunikwi: Jinsi ya Kuitibu Pikapu ya Shamba Mwenyewe Kabla Haijala Mtaji Wako

Wiki hii nilipanga kuandika kuhusu kuandaa ghala kabla ya kuvuna, lakini tangu mvua zianze kupungua swali ninaloulizwa ni moja tu: "Bwana shamba, pikapu yangu imeanza kuoza chini, nifanyeje?" Nimeulizwa Matai, nimeulizwa Laela, na juzi nimeulizwa nikiwa kwenye foleni ya benki hapa mjini. Basi ghala litasubiri wiki moja. Leo tuongee kutu.

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili na pikapu niliyonunua kwa mkopo wa SACCOS, mwezi Februari, nilitoka Sumbawanga mjini na mifuko 14 ya urea kupeleka Laela kwa kikundi cha vijana. Nilipopita Mpui, kijana wa bodaboda akanifukuzia huku anapiga honi. Nikadhani ananitonya kuna trafiki mbele. Alipofika usawa wa dirisha akaniambia, "Bwana shamba, siku hizi unakuzia lami?"

Nikasimama. Nyuma yangu kulikuwa na mstari mweupe wa urea, umenyooka kama nimetumia kamba ya kupandia. Kona ya kushoto ya sakafu ya nyuma ilikuwa imefunguka tundu la ukubwa wa kiganja, mfuko ukazama, ukachanika, na mbolea ya watu ikawa inamwagika barabarani. Tulicheka, na mimi nilicheka. Ila mfuko ule niliulipa kwa hela yangu, maana ulikuwa wa watu na walishalipia.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kona ileile nilikuwa nimeshaitengeneza miezi minane kabla. Nilimpeleka fundi nikamwambia kwa mdomo wangu, "We funika tu, mvua hazijafika." Naye akafanya nilichomwambia: akagongagonga, akapiga puti, akapuliza rangi nyeupe. Ilipendeza kweli. Chini ya ile puti kutu ikaendelea na kazi yake bila kuonekana na mtu.

Siku hiyo hiyo pale Laela nilimwomba fundi wa kuchomelea aniangalizie chini. Akalala chali, akagonga chesisi kwa nyundo ndogo, halafu akanyamaza. Akanyanyuka, akaniuliza, "Bosi, kesho ulikuwa unakwenda wapi na hii?" Nikamwambia nateremka Muze kufuata mpunga, na vijana wawili. Akanionyesha kishikio cha springi ya nyuma. Kilikuwa kimebaki kinashikiliwa na kipande cha chuma kisichozidi upana wa vidole viwili. Mnaoijua ile barabara ya kutoka Ntendo kuteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hamhitaji maelezo. Kwa wasioijua, niseme tu kwamba si mahali pa springi kuchomoka.

Tangu hapo nimejifunza kazi hii. Jumamosi kwa Jumamosi nilikaa gereji ya mtaani nikimshikia fundi grainda, mpaka nikaweza kuifanya bodi ya gari langu mwenyewe. Mimi si fundi, nina stashahada ya kilimo. Ninachokuandikia ni kile nilichofanya kwa mikono yangu na kikashika misimu minne sasa. Ukikumbuka sentensi moja tu, ikumbuke hii: kutu haifunikwi. Inaondolewa, la sivyo inaendelea.

KUTU NI NINI, NA KWA NINI SISI INATUPATA SANA

Waliokulia Ufipa mmeona au mmesikia habari za malungu, yale matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, ambayo wazee wetu walitumia kuyeyushia chuma. Walichukua mawe yenye madini, wakayachoma kwa makaa kwa muda mrefu, kikatoka chuma ambacho baadaye kilisafishwa na kufuliwa kuwa jembe. Yale mawe ni chuma kilichoungana na oksijeni. Kazi ya tanuru ni kuitoa ile oksijeni.

Kutu ni safari hiyohiyo kurudi nyuma. Chuma kikikutana na maji na hewa, kinaungana tena na oksijeni na kurudi kuwa udongo mwekundu. Kinahitaji vitu viwili tu, maji na hewa. Ukiongeza chumvi, kasi inapanda sana, kwa sababu maji yenye chumvi yanapitisha umeme mdogo unaoendesha ule ulaji.

Sasa angalia mazingira yetu. Sumbawanga ipo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Novemba mpaka Aprili ni mvua na tope. Mvua zikiisha linakuja baridi la Juni na Julai, na asubuhi unakuta gari limelowa umande. Kisha tazama tunachobeba. Mbolea karibu zote za dukani ni chumvi za aina fulani. CAN, SA na urea zinavuta unyevu kutoka hewani zenyewe. Ndiyo maana mfuko ulioachwa wazi unaganda. Punje zilizoingia kwenye mkunjo wa bati zinafanya vilevile: zinavuta maji, zinayeyuka, zinakaa pale miezi na miezi zinakula chuma. Wengine mnapanda na samaki wa chumvi kutoka Kasanga na Kirando. Wengine mnabeba samadi na ng'ombe wa mnada, na mkojo wa ng'ombe nao una chumvi.

Tangu ruzuku ya mbolea ianze msimu wa 2022/2023, vijana wengi mmeanza kuwabebea wenzenu mbolea kwa kulipwa. Biashara nzuri. Ila ujue kila safari unaacha konzi ya chumvi ndani ya gari lako.

HATUA YA KWANZA: KAGUA KAMA UNAVYOKAGUA SHAMBA

Usianze kununua vifaa kabla hujajua ugonjwa umefika wapi. Osha gari lote, hasa chini, kwa maji mengi. Toa karpeti na mbao za sakafuni. Liache juani siku mbili. Kisha chukua bisibisi ya zamani, nyundo ndogo na tochi.

Ukipandisha gari kwa jeki, weka stendi au magogo imara chini ya chesisi na uzuie matairi kwa mawe. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Hili halina mjadala.

Sehemu za kuangalia ni hizi:

- Chini ya milango. Kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Tope likiviziba, mlango unageuka ndoo na unaoza kuanzia ndani.
- Madigadi, nyuma ya matairi, ambako tope linajikusanya na kubaki na unyevu wiki nzima.
- Sakafu ya mbele chini ya karpeti, hasa upande wa dereva kwa sababu ya viatu vyenye maji.
- Kona na mikunjo ya sakafu ya nyuma, na vyuma vinavyoishikilia kwa chini.
- Chini ya betri, ambako asidi inadondoka.
- Pembeni mwa kioo cha mbele, chini ya raba.
- Chesisi yote, hasa pale springi zinaposhikiliwa na pale bodi inapofungwa.
- Mabomba ya breki. Bomba likiwa limevimba kutu, usisubiri, badilisha.

Choma kwa ncha ya bisibisi kila penye rangi iliyotoa malengelenge. Utapata moja ya hali tatu. Kutu ya juu: inakwanguka na chini yake chuma kigumu. Kutu ya vishimo: chuma kipo lakini kimetobokatoboka kama harage lililoliwa na bungua. Na tundu: bisibisi inapita.

Kwenye chesisi tumia nyundo na sikio. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza kinajibu kwa sauti butu, na kutu inadondoka kwa matabaka.

MPAKA WA KAZI YAKO NA KAZI YA FUNDI

Hapa naomba tuelewane. Milango, madigadi, boneti na sakafu ya nyuma ni ngozi ya gari. Ukikosea, gari litakuwa baya machoni, basi. Hiyo kazi unaweza.

Chesisi, vishikio vya springi, breki, usukani na pale mikanda ya usalama inapofungwa ni mifupa. Ukikosea, mtu anakufa. Hiyo kazi mpe fundi wa kuchomelea anayeaminika, na simama pale akifanya. Wewe msaidie kwa kusafisha, ili asichomelee juu ya kutu. Fundi akikwambia atapiga puti kwenye chesisi, chukua funguo zako uondoke.

Na usidhani ni shida ya magari mabovu tu. Mwaka 2016 kule Marekani, Toyota ilikubali kutumia hadi dola bilioni 3.4 kumaliza madai ya wamiliki wa pikapu za Tacoma na Tundra, pamoja na Sequoia, kuhusu chesisi kuoza kwa kutu. Kule barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa barafu. Sisi hatumwagi chumvi barabarani, tunaibeba mgongoni mwa gari.

Wenye Land Rover za zamani nanyi msijisahau. Bodi yake ni ya aluminiamu tangu ilipoanza kutengenezwa mwaka 1948, kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Aluminiamu haioti kutu nyekundu. Lakini chesisi yake ni chuma, na pale aluminiamu inapogusana na chuma penye maji utaona unga mweupe. Huo nao ni ulaji.

VIFAA

Huhitaji gereji nzima. Nilitumia brashi ya waya, grainda ya kuazima yenye brashi ya waya na diski ya kukatia, msasa namba 80, 180 na 400, thina, matambara safi, praima ya kuzuia kutu, puti na hadina yake, rangi, na kipande cha shiti la chuma geji 18 au 20. Ongeza miwani ya kukinga macho, glavu ngumu na barakoa. Grainda ikirusha waya, inarusha kama mshale. Usiseme "nitafumba jicho kidogo".

Kuhusu shiti, msichukue bati la kuezekea. Kwanza ni jembamba mno kwa sakafu ya mzigo. Pili limepakwa zinki, na zinki ikiungua wakati wa kuchomelea inatoa moshi unaoleta homa na kubana kifua.

KAZI YENYEWE

1. Ondoa hatari ya moto. Fungua waya za betri, ukianza na hasi. Fagia na uoshe mabaki yote ya mbolea. Mbolea zenye naitreti kama CAN hulisha moto, kwa hiyo usiruhusu cheche karibu nazo. Kama utachomelea karibu na tangi la mafuta, tangi lishushwe na lipelekwe mbali. Weka ndoo ya maji na mchanga karibu.

2. Kwangua mpaka uone chuma cheupe. Hapa ndipo watu wengi wanachoka mapema. Usiishie pale kutu inapoonekana kuishia, endelea sentimita tatu mpaka tano ndani ya rangi nzima, kwa sababu kutu inatambaa chini ya rangi kama kwekwe zinavyotambaa chini ya udongo. Ukikata majani juu ukaacha mizizi, umefanya nini?

3. Shughulikia vishimo. Brashi haifiki chini ya kila kishimo. Maduka ya rangi mjini huuza dawa ya kutu, ambayo ni asidi inayogeuza kutu iliyobaki kuwa tabaka gumu jeusi. Fuata maelekezo ya kopo, na vaa glavu. Vipande vidogo vinavyofunguka, kama bawaba na komeo, nilivilowesha kwenye siki usiku kucha, nikasugua, nikasuuza kwa maji yenye magadi kuua asidi, nikakausha papo hapo.

4. Tundu likatwe, lisizibwe. Kata chuma chote kilichooza mpaka ufike kizima. Tengeneza shimo lenye kona za mviringo, maana kona kali inaanzisha ufa. Chukua boksi gumu, chora umbo la kiraka, kikubwa kuliko shimo kwa sentimita mbili kila upande, kisha kata shiti kwa kufuata hilo boksi. Boksi ukikosea unatupa. Shiti ukikosea umetupa hela.

5. Funga kiraka. Njia bora ni kuchomelea. Bodi ni nyembamba, kwa hiyo mwambie fundi atumie vijiti vyembamba, vya milimita 2 au 2.5, na moto mdogo. Asivute mstari mmoja mrefu. Achome nukta hapa, aruke upande wa pili, arudi, mpaka nukta ziungane, la sivyo bati litajikunja kwa joto. Kama ni sakafu ya nyuma tu na huna umeme, ripiti zinafaa: paka praima pande zote mbili zinazokutana, weka gundi ya kuzibia bodi, kisha piga ripiti kila sentimita tatu au nne. Angalizo: ile silikoni inayonuka kama siki usiitumie, harufu hiyo ni asidi na inaleta kutu.

6. Praima siku hiyohiyo. Futa kwa thina, acha ikauke, paka. Chuma kilichosafishwa kisilale uchi. Mwezi wa sita niliacha mlango umekwanguliwa vizuri, giza likanikuta, nikasema nitapaka kesho. Asubuhi umande ulikuwa umeshafanya kazi, mlango wote una rangi ya chungwa. Nikaanza upya. Paka tabaka mbili, na usisahau upande wa ndani wa kiraka, maana kutu inarudi kwa mlango wa nyuma.

7. Puti ni ya kunyooshea, si ya kuzibia. Puti inanyonya maji. Ukiiweka juu ya tundu au kutu umeiwekea kutu sifongo lenye maji. Weka nyembamba, isizidi milimita tatu, juu ya chuma kilichosafishwa. Donge la ukubwa wa limau linahitaji hadina kidogo tu, kama punje mbili tatu za harage, ila fuata kopo linavyosema. Baridi la huku linaichelewesha kukauka, usijaribu kuiharakisha kwa kuongeza hadina, itapasuka. Anika juani, subiri. Ikikauka sugua kwa msasa 80, kisha 180, rudishia praima, halafu malizia kwa msasa 400 na maji.

8. Rangi. Kiangazi chetu kina upepo na vumbi. Mimi hupaka kuanzia saa nne asubuhi umande ukiwa umekauka, na ikifika saa tisa naacha. Mwagia maji chini kuzuia vumbi. Paka nyembamba mara tatu, ukisubiri dakika 15 mpaka 20 kati ya tabaka na tabaka, badala ya moja nzito inayotiririka. Kwa milango na madigadi niliazima kompresa. Sakafu ya nyuma nilipaka kwa brashi, na wala sioni haya. Mahindi hayajali.

OILI CHAFU JE?

Najua mtauliza. Wengi wanapaka chini ya gari oili iliyotolewa kwenye injini. Ni kweli inazuia maji kiasi. Lakini inalainisha na kuharibu bushi na raba, na ikigusa breki ni hatari. Halafu nikivaa kofia yangu ya ugani: oili hiyo inadondoka shambani, uani, karibu na kisima, na ina masizi na vyuma vya injini ndani yake. Hatuwezi kuhangaika na afya ya udongo huku tunaumwagia uchafu huo. Kwenye mashimo ya ndani ya milango na chesisi tumia grisi iliyolainishwa au oili safi kidogo, ukiacha vitundu vya maji wazi. Kwa nje, praima na rangi nzito ya bodi vinatosha, na kuosha.

HESABU, KWA SABABU KILIMO NI BIASHARA

Niliweka kila kitu kwenye daftari, kwa kipimo tunachokielewa: gunia la mahindi kwa bei ya mwaka ule.

Ile funika-funika ya kwanza ilinigharimu magunia matatu, ikadumu miezi minane. Juu yake ongeza mfuko wa urea niliolipa, na Canter niliyokodi wiki mbili katikati ya msimu wa kukuzia, ambayo peke yake ilikula magunia matano. Matengenezo ya pili, yale ya kweli, yalichukua magunia manne ya vifaa, mawili ya fundi wa chesisi, na Jumamosi zangu tano. Jumla sita. Huu ni msimu wa nne, na mwezi uliopita nimechoma kila kiraka kwa bisibisi. Viko imara.

Lakini hesabu inaweza pia kukwambia acha. Kama chesisi imeoza pande zote mbili, au kutu imekula sehemu nyingi za mifupa kiasi kwamba kila ukichomelea unakuta chuma cha kushikia hakipo, usitie hela tena. Uza injini, giabox, difu na matairi kama vipuri, uanze upya. Kuna kijana namfahamu alitumia mavuno mawili kuokoa pikapu ya namna hiyo kwa sababu ilikuwa ya marehemu baba yake. Sikumlaumu. Ila nawe unayenunua leo, pitisha nyundo chini kabla hujatoa hela. Rangi mpya inayong'aa kwenye gari kuukuu isikufurahishe. Ikutie shaka.

KALENDA YA GARI NDANI YA KALENDA YA SHAMBA

Oktoba, kabla ya mvua: kagua, zibua vitundu vya milango, rudishia rangi penye mikwaruzo.

Desemba mpaka Machi, msimu wa mbolea: tandika turubai zima chini ya mifuko, likunjwe kupanda kingo. Juu ya sakafu weka fito za mbao ili hewa ipite. Ukishusha mzigo, fagia, kisha mwaga maji ndoo tatu siku hiyohiyo, hata kama mvua inanyesha. Mvua inalowesha tu, haioshi mikunjo. Ukibeba samaki au samadi, vilevile.

Aprili na Mei: osha chini kwa nguvu, toa tope la msimu kwenye madigadi, kausha.

Julai na Agosti, mahindi yakishaingia ndani: huu ndio mwezi wa kutibu. Jua lipo, mvua hakuna, na hela ya kwanza ya mavuno ipo mfukoni kabla haijapata shughuli nyingine.

Haichukui muda. Kuosha baada ya mbolea ni nusu saa. Nimeshawaona vijana wanaopalilia mara mbili na kupiga dawa kwa ratiba, halafu mfuko wa CAN uliochanika unalala ndani ya pikapu kuanzia Januari mpaka Pasaka. Shamba linatunzwa na mtaji unaoza uani.

Yule kijana wa bodaboda wa Mpui tulikutana tena mwaka jana. Naye sasa ana pikapu, kuukuu kuliko yangu, anabeba mahindi na alizeti. Alinipa mkono, akazunguka nyuma ya gari langu, akainama kuchungulia chini ya sakafu. "Bwana shamba," akasema, "leo lami itakosa mbolea." Kisha akaniomba nimuazime ile nyundo ndogo.

Tulilala chini ya gari lake pamoja. Upande wa kulia chuma kililia vizuri. Kushoto, karibu na springi ya nyuma, kikajibu butu. Alikuwa na safari ya Kasanga kesho yake, ameshachukua na malipo ya awali. Aliipigia simu ile safari akaiahirisha, tukaenda kwa fundi.

Wiki hii, kabla hujapakia mzigo mwingine, chukua nyundo ulale chini ya gari lako. Dakika kumi tu. Wiki ijayo tunarudi kwenye ghala.